Baba aliyesema hapana: jibu kwa dada wa Kazuramimba anayetaka kumwandika baba yake

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa msiba. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, ngoja niliweke hapa kwa kifupi ili na wengine wajue tunaongelea nini. Dada huyu kazaliwa 1979, kakulia Kazuramimba mkoani Kigoma, baba yake alikuwa mtu wa reli, yuko kwenye gengi, wale wanaotembea na njia kwa miguu wakikaza boliti na kubadilisha mataruma. Mzee amefariki mwaka jana. Dada anataka kuandika kumbukumbu zake kwa ajili ya wanae na wadogo zake, maana kwake alikuwa baba wa kipekee, mwaka 1994 alimpeleka sekondari ya bweni huku Tabora wakati wenzake wengi aliomaliza nao darasa la saba walikuwa wanaolewa. Lakini kila akikaa na daftari anaandika sentensi tatu tu, "baba alikuwa mtu mwema, alinipenda, alinisomesha", hapo kalamu inagoma. Alafu kuna la pili, na mimi naona ndilo linalomchoma zaidi: dada yake mkubwa, yeye aliolewa 1987 akiwa na miaka 15, amemwambia kwenye simu "huyo baba unayemwandika wewe mimi simjui". Anauliza aanzie wapi na huyo dada amfanyeje.

Mimi kazi yangu hapa Tabora ni kukusanya historia simulizi na kuzisaidia familia kupanga nyaraka zao, na mabinti wanaotaka kumwandika baba ndio wananifikiaga kuliko watu wengine wote. Na karibu wote wanakwama palepale ulipokwama wewe, kwahiyo usidhani ni wewe huna kipaji cha kuandika.

Sentensi zako zinagoma kwa sababu umeanza na hukumu, umeshamaliza kesi kabla ya kuita shahidi. Ukishaandika alikuwa mtu mwema kuna nini tena cha kuongeza? Hapo unaandika ule wasifu wa marehemu unaosomwaga msibani, alizaliwa mwaka fulani, akapata elimu ya msingi, akaajiriwa reli 1969, akastaafu 2001, alikuwa mcheshi na mpenda watu, ameacha mjane na watoto sita na wajukuu. Wasifu una kazi yake na siudharau hata kidogo, watu wamesimama juani, mwili uko mbele yao, unahitaji karatasi moja ya heshima. Ila ile karatasi ukiitoa jina ukaweka la mzee mwingine wa reli wa pale pale Kazuramimba inasomeka vilevile, wewe unataka kitu ambacho hakiwezi kubadilishwa jina.

Sasa nikwambie jambo ambalo ndilo hasa ninalotaka ulichukue kwenye jibu hili lote. Sehemu kubwa ya msaada wa baba kwa binti, hasa kwa mabinti wa umri wako wa huku kwetu magharibi, ni mambo ambayo hayakutokea. Hukuolewa 1994. Hukuachishwa shule form two. Hukupelekwa kwa shangazi kulea mtoto. Mambo ambayo hayakutokea hayana picha wala risiti, na mtoto hayaoni, yeye anaona tu asubuhi imefika na yunifomu ipo. Ndio maana ukijaribu kukumbuka unapata mapenzi tu kwa ujumla, unajua ulipendwa ila huwezi kuonyesha ni wapi, kwasababu kazi yenyewe ilifanyika chumba kingine, kwenye kikao cha watu wazima wewe ukiwa umelala, na ilikuwa ni baba kusema hapana. Kwahiyo kazi yako ya kwanza ni kutafuta hizo hapana, alimwambia nani, lini, na ilimgharimu nini.

Na usidhani nakuza mambo. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na kwa aliye chini ya miaka 18 ikataka ridhaa ya baba, kama baba amekufa ndio mama, na kama wote hawapo mlezi. Soma tena hapo. Sheria ya nchi iliweka huo uamuzi mkononi mwa mtu mmoja, na kwenu mtu huyo alikuwa yule mzee wa gengi. Hicho kipengele kimekuja kupigwa chini na Mahakama Kuu 2016 kwenye kesi aliyofungua mwanaharakati Rebeca Gyumi, serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikasema vilevile 2019, wewe hapo ulishakuwa mama wa watu wazima. Mwaka 1994 hakukuwa na hukumu ya mahakama ya kumshikia baba yako, akikubali hakuna wa kumuuliza, na akikataa anakataa kwa kifua chake mwenyewe mbele ya ndugu zake.

Ongeza na hili ambalo vijana wa sasa hivi hawalielewi kabisa, itabidi uwaandikie wanao waziwazi. Wao wanaona sekondari kila kata, wanadhani ndio ilivyo siku zote. Shule za kata zimekuja kwa wingi na ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza 2004. Kabla ya hapo nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache sana, darasa zima la saba linaweza kumaliza akachaguliwa mmoja, wawili, au asichaguliwe mtu. Kwahiyo barua ya kuchaguliwa kwako ilipofika kijijini ilikuwa habari, watu wote walijua, na wenye maoni walikuja nyumbani kuyatoa. Nani alikuja? Alikaa wapi? Alitaka nini?

Umeandika sentensi moja katikati ya barua yako, umeipita kama mtu anayepita dukani bila kununua, kwamba "baba mdogo walikuwa hawaongei na baba kipindi niko form two, sijui kwanini". Dada yangu, hapo ndipo pa kuchimba. Sisemi kwamba ni kwa ajili yako, inaweza ikawa shamba, inaweza ikawa deni la ng'ombe, ndugu wanakosana kwa mengi. Ila miaka inalingana, na baba mdogo umesema bado yuko hai, yuko Uvinza. Huyo ndiye shahidi wako mkubwa kuliko wote wanaomsifia marehemu, maana mtu aliyekataliwa anakumbuka vizuri sana siku aliyokataliwa. Aliyekubaliwa anasahau.

Ukienda kwake usiende na swali la "baba alikuwa mtu wa namna gani", hilo swali usimuulize mtu yeyote, litakuletea wasifu wa msibani upya. Muulize vitu vinavyoonekana kwa macho. Siku ya mshahara kaka yako alikuwa anapitia wapi kabla ya kufika nyumbani, na mkononi ana nini? Akikasirika alikuwa anafanyaje, anapaza sauti au ananyamaza? Nani alikuwa anamkopesha? Barua ya mimi kuchaguliwa ilipokuja nani aliisoma kwa sauti? Alafu akishaanza nyamaza. Mzee akinyamaza katikati na wewe nyamaza, usimjazie maneno, usimwambie "yaani alikasirika eti?", maana atakubali tu kwa adabu na wewe utaondoka na maneno yako mwenyewe yametoka kinywani kwake. Kimya cha mzee kinakuwaga ni anatafuta, na kinachokuja baada ya hapo ndicho ulichofuata.

Miaka usiiulize kwa tarakimu. Wazee wengi wa vijijini hawapangi maisha kwa namba za mwaka, wanapanga kwa matukio, na kwa Kigoma matukio unayo mengi ila yana mtego. Atakwambia "ilikuwa mwaka wa wakimbizi". Mwaka wa wakimbizi upi? Warundi wamekuja kwa wingi 1972, wakaja tena mwishoni mwa 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa, Wakongo wakamiminika 1996 ilipoanza vita Zaire, na katikati hapo 1994 kuna mambo ya Rwanda. Kwahiyo muulize rais wetu alikuwa nani, akisema Mwinyi umeshafuta 1972 na 1996, unabaki na kipande kidogo. Muulize ilikuwa kabla au baada ya ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, huo ni 1995. Mvua za El Nino ni 1997 kwenda 1998 na watu wa reli hawawezi kuzisahau. Kufariki kwa Mwalimu ni Oktoba 1999, hiyo kila mtu anakumbuka alikuwa wapi. Ukimzungushia hivyo unaipata tarehe bila kumfanya ajione yuko kwenye mtihani, na akikosea usimsahihishe palepale, andika alivyosema, pembeni weka alama yako.

Jambo jingine kuhusu hao wazee. Watu wakishakuwa wazee, kumbukumbu wanazozitoa kwa wingi na kwa uwazi huwa ni za umri wa kama miaka 10 hadi 30, hilo watafiti wa kumbukumbu wameliona sana, na mimi nalionaga kila siku kazini. Maana yake baba mdogo anaweza akakwambia vizuri zaidi habari za baba yako kijana kuliko za baba yako mstaafu. Usikasirike akianza kukupeleka kwenye miaka ya sabini, mfuate tu. Mwache akwambie kaka yake aliingiaje reli 1969 wakati bado ni reli ya Afrika Mashariki, Jumuiya ilivyovunjika 1977 ikawa TRC, Shirika la Reli Tanzania, ilikuwaje kwao, mshahara ulichelewa au haukuchelewa. Huwezi kujua baba alikugharamia nini kama hujui alikuwa na nini.

Hapo nakuja kwenye karatasi. Wazee waliofanya kazi chini ya Jumuiya ya zamani wana tabia moja, hawatupi karatasi. Madai yao ya mafao yaliwasumbua miaka na miaka, mpaka miaka ya 2000 bado wanayafuatilia, na kila walipokwenda ofisini waliambiwa leta barua fulani, leta kivuli cha fulani, kwahiyo wakajifunza kutunza kila kipande. Mwombe mama akufungulie lile begi au mfuko wa nailoni wa baba, upo, labda juu ya kabati, labda chini ya godoro. Humo usitafute tu barua ya ajira, hiyo itakupa tarehe na kichwa cha barua basi. Tafuta ile fomu ya kujiunga na shule uliyotumiwa 1994. Unaikumbuka ilivyo: tranka, godoro, ndoo, shuka jozi mbili, blanketi, jembe, fyekeo, sahani, kikombe, ada, nauli. Wazazi wengi walikuwa wanaweka tiki kwa kalamu kila kilichonunuliwa. Ukiikuta na tiki za baba, angalia kalamu, zote ni rangi moja au zimewekwa kwa nyakati tofauti? Kama godoro lina tiki ya bluu na blanketi lina tiki nyekundu umeshaona mtu anatafuta hela kwa awamu. Tafuta kitabu cha benki, angalia miezi ya kufungua shule kimeshuka hadi ngapi. Tafuta vipande vya mani oda za posta kama alikuwa anakutumia hela ya matumizi. Mimi hivyo vitu naviamini kuliko hotuba yoyote ya sifa.

Na barua. Umesema alikuwa anakuandikia. Kama unazo zote usianze kunukuu zile nzuri tu zenye "mwanangu soma kwa bidii", hizo kila baba aliandika. Chukua yale ya katikati yanayochosha, kwamba mbuzi amezaa, fundi hajaja kuezeka, mvua imekatika, mama yako anaumwa jino. Mtu aliyeshinda siku nzima juani na spana, jioni akakaa kumwelezea binti wa form one habari za jino la mama yake, huyo hakuwa anakupa taarifa, alikuwa anakuweka uendelee kuwa mtu wa nyumba ile hata ukiwa mbali. Nukuu barua moja nzima kama ilivyo, na makosa yake ya herufi, usiyasahihishe. Na pale alipochomeka sentensi ya Kiha iache kama alivyoiandika, chini yake uwaelezee wanao.

Picha nazipitia haraka kwa sababu umeuliza tu kwa juu. Usizitie leminesheni. Kwenye zile albamu za kunata usizibandue kwa nguvu, zipige picha zikiwa humohumo, karibu na dirisha mchana, flashi umeizima. Nyuma ya picha andika kwa penseli, kalamu ya wino inapenya. Wakati wa kurekodi mazungumzo weka simu juu ya kitambaa, izime mtandao isije ikalia katikati, na kabla hamjaanza taja tarehe, mahali na jina la anayeongea, na mwombe ruhusa huku inarekodi. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp tuma kama faili, ukituma kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora. Weka kopi kwenye flashi kwa mdogo wako anayekaa mkoa mwingine. Basi.

Turudi kwenye daftari lako. Pale mwisho kabisa wa barua umeandika, tena kwa mabano, kwamba baba alikuwa anaandika jina lako kwenye tranka kwa rangi nyeupe, na kila likizo unaporudi limechubuka anapaka upya. Mimi nilipofika hapo nilisimama. Umetafuta baba yako miezi yote hiyo na ulikuwa umemwandika kwenye mabano! Anza hapo. Ukurasa wa kwanza uwe ni hilo tranka na usiandike kitu kingine. Tranka la rangi gani? Alilinunua wapi, Kigoma mjini au lilikuwa la mtu? Ile rangi nyeupe aliitoa wapi, ni ya reli? Umesema herufi za mwisho zimebanana kwa kuwa nafasi iliisha, ziandike hapo kwenye karatasi zilivyobanana, wanao waone. Alikuwa anachuchumaa au amekalia kigoda, brashi au kijiti, anaongea au kimya, na wewe uko wapi wakati huo, umesimama unaangalia au umeenda kuteka maji? Unajua mtu wa gengi alikuwa anafanya kazi gani kutwa: kutembea juu ya ile njia iliyofika Kigoma tangu 1914 akiangalia kilicholegea akikaze kabla treni haijapita. Sikuambii uandike kwamba tranka na reli vinafanana, usiandike, msomaji mwenye akili ataona mwenyewe kwamba ni mikono ileile. Wewe weka mikono tu.

Alafu kutoka kwenye tranka nenda stesheni, umesema alikuwa anamkabidhi gadi wa treni dumu la mawese la lita tano ili akuangalie mpaka Tabora, usiku mzima kwenye behewa la daraja la tatu. Hapo nakuuliza swali ambalo naomba usilikwepe. Yale mawese alikamua nani?

Unajua jibu. Kigoma kukamua mawese mara nyingi ni kazi ya mama. Nimesoma barua yako yote, ndefu, nzuri, mama ametajwa sehemu moja tu, kwenye jino. Hili nalionaga kwa mabinti wengi wanaoandika baba zao na huwa linaniuma, kwa sababu baba aliyesaidia binti ni habari, watu wanashangaa, wanasifia, mama aliyesaidia binti anaonekana amefanya kazi yake ya kawaida. Baba alisema hapana kikaoni, sawa, na ilihitaji moyo. Lakini dumu la gadi, na pengine nusu ya zile tiki kwenye fomu, zilitoka kwenye mise, yale matunda ya mchikichi, aliyochemsha na kukanyaga mama yako. Na kwa bahati nzuri kabisa yuko hai. Kaa naye peke yake, bila wadogo zako, bila majirani, mkiwa mnafanya kitu cha mikono, kuchambua mchele au kumenya karanga, maana mama zetu wanaongea vizuri wakiwa hawatazamwi. Muulize hivi: usiku ule kabla baba hajawajibu ndugu zake, ninyi wawili mliongea nini? Inawezekana utakuta hapana ilianzia kwake, baba akaibeba kwenda nayo kikaoni kwa sababu kikaoni mwanaume ndiye anasikilizwa. Kama ndivyo, baba hapungui hata chembe. Mwanaume anayebeba neno la mke wake mbele ya kaka zake na kulisimamia ni wachache, tena wa miaka hiyo.

Sasa dada yako mkubwa. Nimemwacha hapa sio kwa kumkimbia, ni kwa kuwa ukishaelewa hayo ya juu utaelewa anachosema. Yeye na wewe mmelelewa na mwanaume mmoja kwa miaka tofauti. 1987 mwenye kutoa ridhaa alikuwa baba yuleyule, na kwa dada yako jibu lilikuwa ndiyo. Kwahiyo akisema huyo baba simjui anasema kweli tupu, sio wivu, na ukimjibu "lakini baba alitupenda wote" unamnyima na hicho kidogo alichonacho, yaani haki ya kusema yaliyompata. Mmekosana kidogo kwenye simu, umesema. Acha kumpigia kumbembeleza kwamba akubali baba alikuwa mwema. Nenda kwake. Mwambie, dada, naandika habari za baba na sitaki niiandike bila yako, na nitaweka maneno yako kama utakavyoyasema, sitayapunguza. Alafu umuulize kama ulivyomuuliza baba mdogo, vitu vya kuonekana. Nani alikuja kuposa, ulikuwa wapi waliposhuka, baba alikuwa amekaa upande gani, ulipoondoka ulibeba nini, nani alikusindikiza. Usimuulize unamsamehe au humsamehe, hiyo si kazi yako.

Yale maneno yake yaweke kwenye kurasa zake mwenyewe, kwa "mimi" ya kwake, na jina lake kama anakubali. Usiyachanganye na ya kwako ukatengeneza baba mmoja wa wastani, nusu mwema nusu mkali, huyo hakuwepo. Na kuna kishawishi kimoja nakuonya nacho mapema maana ni kitamu sana: utatamani kuandika kwamba baba aliona yaliyompata binti mkubwa akajuta, ndio maana kwa mdogo akakataa. Inaweza ikawa kweli. Miaka saba ni mingi, mtu anabadilika, labda alimtembelea dada yako akaona kitu, labda mama alimwapia kwamba hili halitarudiwa. Lakini mpaka mtu aliyekuwepo akuambie hivyo kwa mdomo wake, usiliandike, kwa sababu ukiliandika bila shahidi umegeuza maisha ya dada yako kuwa nauli ya wewe kufika shule, na yeye atalisoma hilo, na hapo ndipo mtakapoachana kweli. Kama mama au baba mdogo atalisema, andika nani kasema na lini. Kama hakuna anayejua, ziache hizo kurasa mbili zikae pamoja, ndiyo ya 1987 na hapana ya 1994, bila kamba ya kuziunganisha. Wanao ni watu wazima, wataweza kuzisoma.

Je, ni kumvunjia marehemu heshima? Umeuliza hilo na najua linakusumbua, sisi hatusemi vibaya waliotangulia. Mimi naona hivi: kumbukumbu zako za upendo hazihitaji dada yako anyamaze ndio ziwe za kweli. Tranka ni la kweli. Barua za jino la mama ni za kweli. Mtu akikusoma wewe akamsoma na dada yako atamwona mzee aliyeweza kusema ndiyo, kwa kuwa kila mtu alikuwa anasema ndiyo, na miaka saba baadae akaweza kusema hapana akakaa na ndugu yake bila salamu kwa ajili hiyo, kama ndivyo ilivyokuwa. Huyo namheshimu zaidi ya yule wa kwenye wasifu.

Dada yako akikataa kabisa kuongea, usimlazimishe wala usimsemee. Andika tu kwamba ulimwomba na hakutaka, weka tarehe, acha na nafasi, watu hubadilisha mawazo.

Kuhusu mpangilio wa kazi yenyewe, naona umepanga kuanza na kuandika kwanza, ndio uende kwa watu mwezi wa kumi na mbili mkikutana wote. Geuza. Tranka halikimbii, barua hazikimbii, mama uko naye. Baba mdogo umri wake hukuutaja, lakini kama baba yako alizaliwa miaka ya arobaini basi na yeye yuko palepale, na umesema mwenyewe kwamba presha inamsumbua. Nenda Uvinza wiki hii, mpelekee sukari na majani, kaa naye asubuhi kabla hajachoka, na hilo la form two muulize mwishoni, sio mwanzoni.